Mhifadhi wa Vilivyobaki

Roketi huundwa ili iishe. Ndani ya dakika chache mafuta yake huungua, vipande vyake hutupwa baharini au nyikani, na kile kinachofika juu ama hakirudi, ama hurudi kimebabuliwa na moto. Ndiyo maana mtu aliyeajiriwa na makumbusho kutunza historia ya roketi na safari za anga za juu huanza kazi na upungufu asioujua mhifadhi wa vinyago, wa sarafu au wa majahazi: kitu chenyewe anachotakiwa kukionesha mara nyingi hakipo tena. Sputnik ya kwanza, iliyorushwa na Muungano wa Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957, iliteketea ilipozama katika angahewa Januari 1958. Zinazoonekana leo katika makumbusho mbalimbali ni nakala. Roketi tatu za Saturn V zilizolazwa Houston, Huntsville na Cape Canaveral hazikwenda mwezini. Ni za majaribio ya ardhini na za safari zilizofutwa. V-2 iliyosimama katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, roketi ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, iliunganishwa kwa vipande vya roketi kadhaa. Mhifadhi wa roketi, kwa hiyo, ni mhifadhi wa vilivyobaki: vipuri, michoro, mitambo iliyokataa kuwaka, barua za wahandisi, suti za wanaanga na kumbukumbu za watu waliosimama pembeni wakitazama.

Kazi yenyewe ina hatua zinazofuatana. Kwanza ni kupokea kitu na kuthibitisha kwamba ndicho kinachodaiwa kuwa. Pili ni kukisajili: kukipa namba, kuandika kilikotoka, nani alikitoa, lini, na kwa masharti gani. Tatu ni kukitafiti, maana chuma hakisemi chenyewe kilitumikaje. Nne ni kukilinda dhidi ya kutu, wadudu, joto na mikono ya watu. Mwisho ni kukionesha pamoja na maelezo mafupi ambayo mgeni atayasoma kwa nusu dakika na pengine kuyaamini maisha yake yote. Wageni hukutana na hatua ya tano tu. Heshima ya fani iko katika hatua ya pili, kwa sababu kitu kisicho na maandishi ya asili yake ni chuma chakavu, hata kama kilifika mwezini.

Mfano ulio wazi wa maisha ya kazi hii ni wa Frank H. Winter, Mmarekani aliyeitumikia Smithsonian kwa miongo kadhaa kama mhifadhi wa roketi. Makumbusho ya Taifa ya Anga na Anga za Juu, alikofanyia kazi, yalifungua jengo lake la sasa tarehe 1 Julai 1976, katika majira ambayo Marekani ilikuwa inaadhimisha miaka 200 ya uhuru wake. Wengi walitarajia jengo hilo lisimulie habari ya ushindi, kuanzia ndege ya akina Wright hadi nyayo za mwezini. Winter alitumia muda wake mwingi kwa mambo yaliyosahauliwa. Aliandika juu ya vyama vya wapenda roketi vya kati ya 1924 na 1940, vikundi vya vijana na wahandisi wasio na fedha waliojaribu mitambo midogo viwanjani huku majirani wakiwacheka. Akaandika pia juu ya roketi za vita za karne ya 19, zile za William Congreve na William Hale, ambazo chimbuko lake ni roketi za chuma za watawala wa Mysore nchini India.

Uchaguzi huo wa mada una fundisho. Roketi za karne ya 19 zilifika pia upande huu wa Afrika: Aprili 1868, katika vita vya Magdala nchini Ethiopia, kikosi cha mabaharia wa Uingereza kiliwarushia roketi askari wa Mfalme Tewodros. Ni miaka 101 kabla ya watu kukanyaga mwezi. Mhifadhi anayeanza hesabu mwaka 1957 ataiona Afrika ikiingia katika historia hii kama mtazamaji aliyechelewa. Anayeanza na Congreve ataiona ikiwa imo tangu mapema, ila imo upande wa walioangukiwa. Namna mtu anavyochagua mwaka wa kuanzia tayari ni maelezo ya ukutani, hata kabla hajaandika neno.

Suala la walioangukiwa ndilo lililoibadilisha fani yenyewe. Kwa miaka mingi V-2 ilioneshwa kama mama wa roketi zote, kazi ya Wernher von Braun na wenzake wa kituo cha Peenemünde. Kuanzia miaka ya 1990 utafiti wa wanahistoria, miongoni mwao Michael Neufeld wa Smithsonian, uliweka mbele jambo ambalo maelezo ya zamani yalilipita kimya: roketi hizo ziliundwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora katika mahandaki ya Ujerumani ya kati. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia kambi hiyo na matawi yake, na karibu 20,000 kati yao walikufa. Roketi zenyewe zilipiga London, na zikapiga zaidi Antwerp, bandari ya Ubelgiji ambayo shaba, mawese na pamba ya Kongo zilikuwa zikiishukia. Chuma kilichosimama ukumbini hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maswali ambayo mhifadhi alikubali kuyauliza mbele yake.

Upande wa utunzaji, adui mkubwa si kutu bali vitu laini. Suti ya Neil Armstrong, iliyoshonwa kwa tabaka 21, ilitengenezwa ili imlinde mtu kwa siku chache, si kwa karne. Mpira uliomo ndani yake hukakamaa na kuvunjika, plastiki zake hutoa mvuke wa asidi, na zipu zake za shaba nyeupe huliwa na mvuke huo. Mwaka 2006 suti hiyo iliondolewa ukumbini. Ilirudishwa tarehe 16 Julai 2019, miaka 50 kamili baada ya Apollo 11 kuondoka, baada ya kazi ndefu iliyochangiwa fedha na maelfu ya wananchi. Suti za namna hiyo hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 17 hivi na unyevu wa asilimia 30, mchana na usiku, mwaka mzima. Vipimo hivyo peke yake vinaeleza kwa nini vitu vya anga za juu vimerundikana katika nchi chache. Kinachohitajika ni umeme usiokatika.

Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika masharti hayo ni magumu. Mji wa Uvira, mashariki ya Kongo, umebanwa kati ya maji na milima ya Mitumba, kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto lake ni la mabondeni na unyevu wake ni wa ziwani. Mji unaanzia upande wa Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, unavuka mito ya Mulongwe na Kalimabenge, na kuteremka hadi bandari ya Kalundu. Hakuna makumbusho ya roketi hapo, wala hakuna mtu mwenye cheo hicho. Hata hivyo mwambao huu una somo moja la kale ambalo mhifadhi yeyote wa historia ya sayansi angefaa kulisoma kabla ya kugusa roketi.

Aprili 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitokea Ujiji. Walitaka kujua jambo moja: mto Rusizi, ulio kaskazini kidogo ya hapo, je, unatoka ziwani au unaingia? Ukitoka, huenda ziwa likawa chanzo cha Nile. Wana watatu wa Sultani Maruta, mtawala wa Uvira wakati huo, walikuja kuwaona wageni, na wote kwa sauti moja wakasema kwamba Rusizi unaingia. Burton alivunjika moyo. Hakufika kwenye mdomo wa mto kuona kwa macho yake, na mwaka 1864, akiwa Ulaya, alichapisha hoja kwamba mto huo unatoka. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi huko, wakakuta maji yanaingia ziwani, sawasawa kama wenyeji walivyosema. Ramani zikasahihishwa kwa jina la waliothibitisha.

Miaka 13 ya mabishano hayo ingeweza kuepukwa na mtu aliyejua kupokea ushahidi. Kauli ya wana wa Maruta ilikuwa na sifa zote ambazo daftari la makumbusho hudai: watoaji wanajulikana, mahali panajulikana, mwaka unajulikana, na watoaji walikuwa wakiishi kando ya kitu wanachokieleza. Kilichokosekana ni nia ya kuipa kauli hiyo uzito sawa na kipimo. Fani ya historia ya anga za juu imejifunza jambo hilo taratibu. Leo mhifadhi mzuri hutumia muda mwingi akirekodi sauti za mafundi, washonaji wa suti, madereva na walinzi wa viwanja vya kurushia, kwa sababu wao wanajua mambo ambayo ripoti rasmi haziyataji.

Karibu karne moja baada ya Burton, mwambao huu ulipata taasisi ya kisayansi. Ubelgiji ilianzisha mwaka 1947 taasisi ya utafiti iliyojulikana kwa kifupi IRSAC, makao yake makuu yakiwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, na moja ya vituo vyake ikiwa Uvira, kwa ajili ya elimu ya maji na viumbe wa ziwani. Lwiro kulikuwa na mitambo ya kupima matetemeko ya ardhi na ya kuchunguza ionosfera, tabaka la juu la angahewa linalorudisha mawimbi ya redio. Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957 na kumalizika Desemba 1958, ulikusanya vituo vya namna hiyo kutoka dunia nzima. Setilaiti za kwanza zilirushwa zikiwa sehemu ya programu hiyohiyo. Kwa hiyo enzi ya anga za juu haikuikuta Kivu ikiwa tupu. Ilikuta tayari kuna watu wanaopima mbingu kutoka ardhini. Kituo cha Uvira kinaendelea hadi leo kwa jina la Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH, na mikusanyo yake ni samaki na takwimu za maji. Historia ya anga za juu haihifadhiwi katika kabati la pekee. Mara nyingi imo ndani ya mafaili ya fani nyingine.

Kwingineko katika Kongo na Afrika Mashariki vilivyobaki ni vingi kuliko inavyodhaniwa. Oktoba 1969, miezi mitatu baada ya kutoka mwezini, Armstrong, Aldrin na Collins walifika Kinshasa katika ziara yao ya kuzunguka dunia. Baadaye serikali ya Marekani iligawa vipande vidogo vya jiwe moja la mwezini, lililochukuliwa na Apollo 17 mwaka 1972, kwa nchi zipatazo 135, na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa miongoni mwake. Kila kipande kina uzito wa gramu moja hivi, kimezungukwa na plastiki ngumu na kuwekwa juu ya ubao pamoja na bendera ndogo ya nchi iliyopewa. Katika nchi kadhaa vipande hivyo vimepotea. Cha Honduras kilikutwa sokoni Marekani mwaka 1998, kikiuzwa kwa mamilioni ya dola. Wizi huanza mahali ambapo hakuna aliyeandika katika daftari kwamba kitu kimepokelewa na nani anawajibika nacho.

Malindi, pwani ya Kenya, kuna mabaki ya namna nyingine: majukwaa ya chuma ya San Marco, yaliyosimikwa baharini na Waitalia chini ya Luigi Broglio. Kati ya 1967 na 1988 roketi tisa za Scout zilirushwa kutoka hapo zikiwa na setilaiti. Mashuhuri kati yake ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta vyanzo vya mionzi ya eksirei mbinguni, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Setilaiti yenyewe iliisha kama zinavyoisha zote. Majukwaa yamebaki, na pamoja nayo jina la Kiswahili ndani ya kila historia ya elimu ya nyota.

Lakini kisa kizito kuliko vyote kwa msomaji wa mashariki ya Kongo kilitokea karibu kilomita 500 kusini ya Uvira, katika bonde la mto Luvua, nyanda za Manono. Machi 1976 serikali ya Rais Mobutu ilitia saini mkataba na kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser. Kampuni ilipewa eneo la mkoa wa Shaba, yaani Katanga, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 100,000 hivi, zaidi ya mara tatu ya Ubelgiji, pamoja na mamlaka makubwa juu yake hadi mwaka 2000. Kwenye uwanda wa Kapani Tonneo, juu ya gema la Luvua, ulijengwa uwanja wa ndege na jukwaa la kurushia. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa Kurt Debus, aliyewahi kufanya kazi ya V-2 huko Peenemünde na kisha kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Kennedy kilichorusha Apollo. Nyuzi zote za fani hii zilikutana katika bonde moja la Katanga.

Roketi ya Kayser ilikuwa na wazo rahisi la makusudi. Badala ya mtambo mmoja mkubwa na ghali, alifunga pamoja mabomba membamba ya chuma, kila moja likiwa na upana wa sentimita 27, yakiwa na mafuta ya taa na mchanganyiko wa asidi ya naitriki. Ukitaka nguvu zaidi, unaongeza mabomba. Hesabu zake zilifika mpaka mamia. Vali za kila bomba ziliendeshwa na mota za wipa za magari zilizonunuliwa dukani. Mhandisi mwingine angeona aibu kueleza hivyo. Mhifadhi hufurahi, kwa sababu kitu cha bei nafuu hufichua nia ya muundaji wake kuliko kitu cha fahari. Mota moja ya wipa, ikiwekwa kwenye kabati la kioo pamoja na maelezo sahihi, ingeeleza ndoto nzima ya kuifanya anga ya juu kuwa biashara, miongo kadhaa kabla ya kampuni za mabilionea wa leo.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 17 Mei 1977, wakati vita vya kwanza vya Shaba vikielekea kuisha. La pili lilifanyika tarehe 20 Mei 1978, siku moja baada ya askari wa miavuli wa Ufaransa kushuka Kolwezi. La tatu, tarehe 5 Juni 1978, lilifanywa mbele ya Mobutu mwenyewe: roketi ilipanda kidogo, ikainama, ikaangukia bondeni. Picha za tukio hilo zimo katika filamu ya Thierry Michel ya mwaka 1999 juu ya Mobutu, na historia nzima ya kampuni ilisimuliwa tena katika filamu ya Kijerumani ya Oliver Schwehm mwaka 2018. Wakati huohuo nchi jirani na Muungano wa Kisovieti zilidai kwamba Ujerumani ilikuwa inajaribu makombora ya vita kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1979 Mobutu aliufuta mkataba. Kampuni ilihamia Libya, kisha ikazimika.

Kwa mhifadhi, OTRAG ni mtihani kamili. Mashahidi wanaosikika ni wa tabaka mbili: wahandisi wa Kijerumani, ambao husimulia ujana, mto na ujasiri, na wanasiasa wa enzi ile, ambao husimulia njama. Wakazi wa bonde la Luvua, walioona ndege zikitua kwenye nyanda zao na moto ukipanda, wanaonekana zaidi kama mandhari. Nafasi yao katika kisa hicho ni ileile ya wana wa Maruta mwaka 1858: wapo, wanajua, na kauli yao haijapewa namba ya usajili. Waliokuwa vijana wa miaka 20 mwaka 1977 wanakaribia 70. Chuma kinaweza kusubiri miaka 50 mingine ndani ya nyasi. Ushahidi wa aina hii hausubiri.

Baada ya OTRAG, Wakongo wenyewe walirusha. Mhandisi Jean-Patrice Keka na kampuni yake ya DTA waliunda mfululizo wa roketi za Troposphère na kuzijaribu Menkao, mashariki ya Kinshasa. Mwaka 2007 mojawapo ilipanda, na mwaka 2008 Troposphère 4 ilitangazwa kuwa imefika kilomita 15. Troposphère 5, iliyobeba panya mwaka 2009, ilipotea njia muda mfupi baada ya kuondoka. Video ya tukio hilo ilisambaa duniani na kuwachekesha watu wengi. Jirani wa Keka katika kumbukumbu ni Edward Makuka Nkoloso wa Zambia, ambaye mwaka 1964, wakati nchi yake ikipata uhuru, aliwaambia waandishi wa habari kwamba anawafundisha vijana kwenda mwezini. Kicheko ni hatari kwa historia kama moto ulivyo hatari kwa karatasi. Vyama vya wapenda roketi vya Ulaya na Marekani navyo vilichekwa. Tofauti ni kwamba viliandika majarida, vikayahifadhi, na baadaye akaja mtu kama Winter akayasoma bila kucheka.

Swali linalobaki ni kitu gani hasa mhifadhi wa fani hii angekusanya Uvira kwenyewe, mahali ambapo hapajarushwa roketi. Jibu liko ziwani. Tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon ilipoanza kazi mwaka 1992, na warithi wake wa mfululizo wa Jason, kimo cha uso wa maji ya Tanganyika hupimwa kutoka juu: rada hutuma mawimbi, hungoja yarudi kutoka usoni mwa maji, na muda wa safari hiyo hugeuzwa kuwa kimo. Vipimo hivyo vilionesha ziwa likipanda kuelekea mwaka 2021, wakati nyumba, barabara na bandari za mwambao zikimezwa. Aprili 2020 Mulongwe na mito mingine ya mjini ilifurika ikaua watu kwa makumi na kuwahamisha maelfu kwa maelfu. Picha za setilaiti zilitumika kuchora maeneo yaliyozama. Kwa wakazi wa mitaa ya Kalundu na Kilomoni, hiyo ndiyo enzi ya anga za juu: setilaiti zilizotazama ukuta wa nyumba ukianguka.

Mkusanyo wa namna hiyo ungekuwa na rula za kupimia maji zilizosimikwa bandarini zamani, madaftari ya wasoma rula, picha za setilaiti za tarehe zilezile, na maelezo ya waliohama. Ungeweka pia mabaki ya maarifa ya mwezi yaliyoko kazini kila wiki. Wavuvi wa ndakala, yaani dagaa, huvua usiku kwa taa zinazovuta samaki juu, na hupumzika siku za mwezi mpevu, kwa sababu mwanga wa mwezi huzishinda taa zao. Taa ya presha iliyotumika ziwani na taa ya sola iliyochukua nafasi yake ni vielelezo halali vya historia ya watu na anga, sawa na darubini.

Ungeweka vilevile kipande cha koltani. Madini haya ya milima ya Kivu yana tantali na niobi. Tantali huingia katika vihifadhi vidogo vya umeme vinavyotumika katika vifaa vya elektroniki, vya setilaiti vikiwamo, na niobi huingia katika aloi zinazohimili moto. Sehemu ya pua ya injini kuu ya chombo cha huduma cha Apollo ilitengenezwa kwa aloi ya aina hiyo. Si kazi ya mhifadhi kudai kwamba kila roketi imetoka Kivu. Kazi yake ni kuonesha mnyororo kama ulivyo, kuanzia shimoni hadi jukwaani, na kutaja kila kiungo ambacho ushahidi unakithibitisha. Maelezo ya V-2 yalikuwa ya kweli zaidi siku ile yalipowataja walioiunda. Kanuni hiyohiyo inawahusu wachimbaji.

Vizuizi vya kazi kama hiyo katika eneo hili havihitaji kupambwa. Vita vilivyoanza mwaka 1996 katika nyanda hizi na milima iliyo juu yake vimerudi mara kwa mara kwa majina tofauti. Ofisi huporwa, mafaili huwashiwa moto wa kupikia, watu hukimbia na kuacha picha za familia. Katika mazingira hayo mkusanyo mkubwa wa vitu vizito ni mzigo. Kinachofaa ni mkusanyo mwepesi unaonakiliwa: sauti zilizorekodiwa, picha za madaftari, ramani, namba za usajili zinazotunzwa mahali pawili au patatu kwa wakati mmoja. Mbegu zake zipo. CRH ina desturi ya kupima na kuandika, na Chuo cha Ualimu cha ISP-Uvira kiko mjini hapohapo. Watu wawili wenye kinasa sauti na daftari lenye mistari wanaweza kuanza kazi ambayo jengo la mamilioni lingeichelewesha.

Mwisho wa maisha ya kazi hii hupimwa kwa kipimo kisicho cha kawaida. Mhifadhi hapimwi kwa idadi ya vitu alivyoonesha, kwa sababu maonesho hubadilishwa kila kizazi, na maelezo aliyoandika yatafutwa na mwenzake mwenye maswali mapya. Hupimwa kwa hali ya mafaili anayoyaacha: je, mtu ambaye hawakuonana naye anaweza kufungua jalada, akajua kitu kilitoka wapi, nani alisema nini juu yake, na jambo gani halijathibitishwa? Wahifadhi wa Washington waliweza kuiandika upya habari ya V-2 kwa sababu karatasi zilikuwapo za kusoma upya. Habari ya Luvua bado haiwezi kuandikwa upya kwa namna hiyo, kwa kuwa upande mmoja wake haujaandikwa hata mara ya kwanza. Kazi ya mhifadhi wa kwanza wa fani hii katika mashariki ya Kongo, atakapopatikana, itakuwa kuujaza upande huo: jina la msemaji, kijiji, mwaka, alichokiona, na namba ya usajili.